Kabla ya kulipia "data iliyopotea", ulizeni kwanza pakeji

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini linawagusa wenye skuli binafsi, wenye nyumba za wageni, vyama vya ushirika na jumuiya zetu za hapa Pemba na kule Unguja, kwa kuwa wao ndio wanaotoa fedha pale mifumo yao inapozimika. Jambo lenyewe ni namna seva za Linux, yaani kompyuta zinazohudumia tovuti, zinavyoiunganisha lugha ya programu iitwayo PHP, ambayo ndiyo iliyoandikiwa sehemu kubwa ya tovuti na mifumo midogo tunayoitumia, na hifadhidata inayotunza kumbukumbu zetu. Afisi za serikali zina eGAZ, Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, ya kuziangalia katika mambo haya; mimi nawaandikia wale ambao hawana wa kumuuliza isipokuwa fundi aliyewauzia mfumo.

Kisa kinachojirudia ni hiki. Seva inahamishwa au inapandishwa toleo usiku, na asubuhi yake ukurasa wa mfumo uko mweupe, au umejaa maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka. Mwenye mfumo anaambiwa kwamba hifadhidata "imekufa" na kwamba kuirejesha data ni kazi kubwa yenye gharama yake. Nakijua chama kimoja cha ushirika kisiwani humu kilicholipa ili kirejeshewe orodha ya wanachama na hesabu za hisa zao, na kumbe orodha hiyo muda wote ilikuwa imekaa salama katika diski ileile, haukuguswa hata mstari mmoja. Kilichokosekana ni pakeji moja, yaani kifurushi cha programu, isiyofika hata megabaiti moja. Aliyelipwa sitamtaja, kwani inawezekana hata yeye mwenyewe hakujua. Katika kazi hii, asiyejua na anayelaghai wana maneno yaleyale.

Watu wengi hudhani kwamba PHP ni kitu kimoja, ukishakiweka katika seva umemaliza. Katika Linux sivyo. Lugha yenyewe huja katika pakeji yake, na uwezo wake wa kuzungumza na kila aina ya hifadhidata huja katika pakeji nyingine, iliyotengwa kwa makusudi, na hiyo ndiyo naiita kiunganishi. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, anayetaka kuifikia MySQL au MariaDB lazima aweke php-mysql, anayetumia PostgreSQL aweke php-pgsql, na anayetumia SQLite aweke php-sqlite3. Katika ukoo wa Red Hat, ambamo wamo AlmaLinux na Rocky Linux, kiunganishi cha MySQL siku hizi kinaitwa php-mysqlnd. Pakeji hiyo ikikosekana PHP haigomi kuwaka. Itaonyesha kurasa zake vizuri mpaka pale mfumo utakapotaka kusoma jina la kwanza la mwanachama, na hapo ndipo husimama. Ni sawa na chombo kilichofika Mkoani kuchukua karafuu: karafuu zimo ghalani, mabaharia wako tayari, ila gati ya kupakilia haipo, na mtu akaenda kumwambia mkulima kwamba karafuu zake zimeoza.

Nimewahi kuulizwa, kwa hasira ya haki kabisa, kwa nini basi waliotengeneza Linux wasiviweke viunganishi vyote pamoja ili watu wapumzike. Sababu ziko kadhaa, lakini iliyo kubwa ni usalama. Kila kiunganishi ni msimbo wa ziada, yaani maandishi zaidi ya programu, na aghalabu huja na maktaba nyingine (msimbo uliotayarishwa na wengine) za kutegemea. Seva ya skuli inayotumia MariaDB peke yake haina haja ya kubeba msimbo wa kuzungumzia na hifadhidata nyingine nne, kwa sababu kila kisichotumika ni mlango mwingine unaohitaji kulindwa. Kasoro ikigundulika katika kiunganishi kimoja, wasimamizi wa Debian au Red Hat hutoa marekebisho, na seva isiyokuwa nacho haihusiki kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaoweka kila pakeji inayoanza na php ili wasisumbuliwe baadaye. Hao huiahirisha kazi ya kujua mfumo unahitaji nini, na gharama ya kuahirisha humfikia mwenye seva.

Ipo pia sababu ya kihistoria, na naomba nikae juu yake kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mambo yalikuwa rahisi zamani na yakaja kubadilika. Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa PHP, alipoitoa kwa umma mwaka 1995, ilikuwa ni zana za kurasa zake binafsi. Mwaka uliofuata tayari toleo lake lilikuwa na uwezo wa ndani wa kuzungumza na hifadhidata za mSQL na Postgres95. Kwa hiyo hifadhidata haikuja baadaye kama pambo. Imekuwamo katika lugha hii karibu tangu mwanzo. Katika PHP 4, iliyotoka mwaka 2000, maktaba ya MySQL ilikuja ndani ya PHP yenyewe, na mtu aliyejifunza kazi zama hizo hakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna kiunganishi. Mwezi wa Julai 2004 ikatoka PHP 5, na maktaba ile ikaondolewa ndani yake, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya leseni: waliokuwa wakimiliki MySQL walikuwa wameihamishia maktaba yao kwenye leseni ya GPL, ambayo haikwenda pamoja na leseni ya PHP. Baadaye wakatoa ruhusa maalumu kwa programu huria, lakini mazoea ya kutenganisha yalikwishaanza. Mwaka 2009, katika PHP 5.3, wanaoitengeneza PHP walileta kiunganishi cha kwao wenyewe, mysqlnd, kisichoitegemea tena maktaba ya MySQL, na hizo nd ndizo herufi mbili zinazoonekana mwishoni mwa jina la pakeji ya Red Hat.

Sasa nije kwenye kile ambacho nataka kila mwenye mfumo akijue, hata kama mengine yote atayasahau. Makosa yanayotokea seva inapopandishwa toleo yako ya aina mbili, yanafanana kwa sura, lakini gharama zake haziko karibu hata kidogo. Tofauti yake mara nyingi ni herufi moja.

Ujumbe wa kosa ukisema kwamba fanksheni, yaani amri ya programu, iitwayo mysqli_connect haijulikani, yaani kuna herufi i baada ya mysql, au ukisema "could not find driver" (kiunganishi hakikupatikana), basi karibu kila mara pakeji ya kiunganishi haikuwekwa au haikuwashwa. Hiyo ni kazi ya dakika chache: fundi anaiweka pakeji, anaiwasha upya Apache au php-fpm, programu zinazohudumia tovuti, na mfumo unarudi ulivyokuwa. Lakini ujumbe ukisema kwamba fanksheni isiyojulikana ni mysql_connect, bila ya ile i, na seva ina PHP 7 au zaidi, hakuna pakeji ya kawaida katika Debian wala Red Hat itakayosaidia. Fanksheni hizo kongwe zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati katika PHP 5.5 mwaka 2013, na zikaondolewa kabisa katika PHP 7.0, iliyotoka Disemba 2015. Hapo mfumo wenyewe lazima uandikwe upya sehemu zote zinazoigusa hifadhidata, na hiyo ni kazi halali inayostahili malipo halali.

Wala asije mtu akawadanganya kwamba ni suala la kuongeza hiyo i kila mahali kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Katika fanksheni ya zamani ya mysql_query, swali, yaani amri inayopelekwa kwenye hifadhidata, lilitangulia na muunganisho ukafuata, tena ungeweza kuuacha. Katika mysqli_query muunganisho ndio unaotangulia na hauachwi. Msimbo uliobadilishwa kwa pupa hautafanya kazi. Aidha, fanksheni zile za kale hazikuwa na njia ya kuitenga amri na maneno yaliyoandikwa na mtumiaji, na ndiyo maana mifumo mingi ya wakati huo ilidukuliwa kwa kuandika amri ndani ya sanduku la jina au la neno la siri. Anayelipia kuandikwa upya kwa kutumia mysqli au PDO, njia mpya za PHP za kuifikia hifadhidata, na akahakikisha kwamba maswali yanaandaliwa kabla ya kupewa thamani zake, ananunua na ulinzi pia.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa fanksheni hizo ziliondolewa mwaka 2015, vipi mifumo imekuja kuanguka miaka mingi baadaye? Jibu liko katika tabia ya matoleo ya Linux yenye maisha marefu. CentOS 7, ya ukoo wa Red Hat, ambayo ilipendwa mno na wauzaji wa nafasi za tovuti, ilikuja na PHP 5.4. Waliotengeneza PHP waliacha kuihudumia 5.4 mwaka 2015, lakini Red Hat waliendelea kuitilia viraka vya usalama ndani ya toleo lao, na CentOS wakavichukua, mpaka tarehe 30 Juni 2024, CentOS 7 ilipofika mwisho wake. Mfumo ulioandikwa kwa fanksheni za kale uliweza basi kuishi kwa amani ndani ya seva hiyo, mwenyewe asijue kwamba sakafu aliyosimama inakaribia kuondolewa. Waliohamia AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9 walikutana na PHP 8.0, na katika siku hiyo moja wakapata makosa ya aina zote mbili: msimbo uliopitwa na wakati, na pakeji iliyobadilika jina, kwa sababu CentOS 7 ilikuwa na php-mysql na php-mysqlnd kwa pamoja, na hiyo ya kwanza haikuendelea katika matoleo yaliyofuata. Fundi aliyenakili maelekezo ya zamani kutoka intaneti akaambiwa na seva kwamba pakeji haipo, akahitimisha kwamba PHP mpya haitaki MySQL. Hilo si kweli hata kidogo.

Upande wa Debian una mtego wake, na huu ni wa hila zaidi kwa kuwa humkamata hata mtu makini. Debian 11 ilikuwa na PHP 7.4, na Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina PHP 8.2. Aliyeweka pakeji kwa jina la jumla, php-mysql, huletewa kiunganishi kipya pamoja na lugha mpya bila ya kufanya lolote. Aliyeiweka kwa jina lenye nambari, php7.4-mysql, hubaki na kiunganishi cha lugha ya zamani, wakati PHP 8.2 iliyoingia haina chake. Hali hiyohiyo huwapata wanaotumia hazina ya pakeji ya Ondřej Surý, mtunzaji wa pakeji za PHP za Debian, ili wawe na matoleo kadhaa ya PHP katika seva moja, kwani kila toleo linadai kiunganishi chake peke yake. Simaanishi kwamba majina yenye nambari ni mabaya, na wakati mwingine mtu hana budi. Nasema tu kwamba aliyeyatumia anapaswa kuandika mahali fulani kwamba ameyatumia.

Kuna pia jambo ambalo limewahi kugombanisha watu wawili waliokuwa sahihi wote. Mmoja anaingia kwenye seva, anaandika amri ya php -m, anaona pdo_mysql katika orodha, anasema kiunganishi kipo. Wa pili anafungua kivinjari na mfumo unasema haukioni. Ni kwamba PHP ya mstari wa amri na PHP inayohudumia tovuti zina mipangilio tofauti. Kwenye Debian, mipangilio ya ile ya kwanza iko chini ya saraka (folda) ya cli, na ya pili chini ya apache2 au fpm, na si lazima hata ziwe toleo moja. Linalohesabika ni lile linaloonekana kupitia tovuti yenyewe. Na wale wenye hifadhidata katika mashine ya pili, kwa mfano tovuti iko Unguja na kumbukumbu ziko katika seva nyingine, wakumbuke kwamba SELinux, mfumo wa ulinzi uliomo katika Red Hat, kwa kawaida huizuia tovuti isiifikie hifadhidata kupitia mtandao mpaka msimamizi aruhusu. Hapo kiunganishi kipo, hifadhidata ipo, na bado hapatikani mtu. Dawa yake ni kuiruhusu njia hiyo moja, na wala si kuizima SELinux yote kama wengi wanavyoshauriana.

Nimesikia hoja kwamba matatizo haya yanatokana na kutumia programu za bure, na kwamba tungenunua za kulipia tungestarehe. Sitaki kubishana sana juu ya hilo. Tarehe za mwisho wa huduma za PHP, Debian, Ubuntu na ukoo wa Red Hat hutangazwa hadharani miaka mingi kabla. Mwisho wa huduma ya kawaida ya Ubuntu 20.04, yenye PHP 7.4, ulijulikana kuwa mwaka 2025 tangu ilipotoka mwaka 2020. Waliotengeneza programu walitoa taarifa kwa wakati. Sisi ndio tunaonunua mfumo, tukakabidhiwa neno la siri la kuingilia na risiti, tukaridhika.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza nalielekeza kwa wenye mifumo. Mkiambiwa kwamba data imepotea, ombeni muoneshwe mambo mawili kabla ya kutoa shilingi: ujumbe kamili wa kosa kutoka katika kumbukumbu za seva, na idadi ya mistari ya kumbukumbu katika jedwali kuu la hifadhidata, iliyosomwa moja kwa moja kwa programu ya MySQL au MariaDB bila ya kupitia PHP. Idadi hiyo ikiwa ni ileile mliyoizoea, data yenu ipo, na mazungumzo ya bei yaanze upya kutoka hapo. Ikiwa ukurasa ni mweupe, msikubali makosa yawashwe yaonekane kwa kila anayefungua tovuti, kwani humo huweza kutoka majina ya saraka, na hata ya watumiaji wa hifadhidata. Faili la kumbukumbu za makosa lipo, na fundi anajua lilipo. Na nakala rudufu muwe nayo kwa vyovyote, kwani haya niliyoyaeleza hayamlindi mtu na diski iliyoharibika.

La pili nawaelekezea vijana wetu wanaoandika mifumo, wakiwemo wanaohitimu kila mwaka katika vyuo vikuu pale Tunguu, ambao kwa kweli kazi zao siku hizi ni nzuri kuliko zilivyokuwa zetu. Wengi wao wanatumia Composer, zana ya kuletea maktaba za PHP, lakini katika faili la composer.json wanataja maktaba walizozichukua na wanaacha kutaja viendelezi vya PHP, vikiwemo viunganishi. Mstari mmoja wa ext-pdo_mysql katika sehemu ya mahitaji unatosha kuifanya Composer ikatae kuuweka mfumo katika seva isiyokuwa na kiunganishi hicho, na ikaseme wazi ni kipi kimekosekana, wakati ambapo fundi bado yuko mbele ya kompyuta na mteja hajapata hasara. Wasichanganye tu: Composer inakagua ile PHP inayoiendesha, yaani ya mstari wa amri, kwa hiyo upande wa tovuti nao uangaliwe kwa macho. Na wale wanaosema kwamba kwa kuwa wametumia PDO mfumo wao unaweza kuhamia PostgreSQL wakati wowote, wajaribu kwanza. PDO inasawazisha namna ya kuita hifadhidata, haisawazishi lugha ya maswali yenyewe, na msimbo uliojaa alama za nukuu za MySQL na AUTO_INCREMENT (nambari zinazojiongeza zenyewe) utawasimamisha katika jedwali la kwanza.

La mwisho ni kwa wanaoandika mikataba na zabuni, hasa katika jumuiya na skuli ambazo hazina mtaalamu wake. Pale panapotajwa makabidhiano, naomba iongezwe ibara hii, na wako huru kuinakili kama ilivyo: "Mtoa huduma atakabidhi kwa maandishi jina na toleo la mfumo wa Linux uliowekwa, toleo la PHP na hazina lilikotoka, majina kamili ya pakeji zote za PHP zilizowekwa ikiwemo kila pakeji ya kuunganisha hifadhidata, aina na toleo la hifadhidata, na tarehe ambayo huduma ya usalama ya kila kimoja kati ya hivyo itakoma, na atairekebisha orodha hiyo kila mara atakapobadilisha chochote kati ya vilivyotajwa."

Wasalaam,

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba